Jinsi ya Kufasiri Misemo ya Kiingereza Inayohusu Unywaji

Mfasiri anayeanza kazi hudhani kwamba misemo ya Kiingereza inayohusu unywaji ni kazi nyepesi, kwa kuwa kila jamii ina walevi wake na kila lugha ina maneno ya kuwasema. Ugumu hujitokeza anapokutana na mtu anayesemwa kuwa yuko "on the wagon" ilhali hajapanda gari lolote, au na "small beer" ambayo hakuna anayeinywa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaofasiri habari, hadithi, mazungumzo ya filamu au maelezo ya mashahidi, na unamfaa pia msomaji wa kawaida anayetaka kuelewa anachokisoma bila kubahatisha. Misemo yenyewe nimeiacha katika Kiingereza, ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu hiyo ndiyo malighafi ya kazi tunayoizungumzia.

Hatua ya kwanza: uliza kama kweli kuna anayekunywa

Kabla ya kufungua kamusi, jiulize kama katika tukio linalosimuliwa kuna kinywaji chochote. Misemo mingi yenye majina ya vinywaji haihusiani na kunywa hata kidogo, na misemo mingi inayomtaja mlevi haina jina la kinywaji ndani yake. Makosa mengi niliyowahi kuyasahihisha, yakiwemo yangu mwenyewe, yalitokana na mfasiri kuruka swali hili.

Tuanze na vinywaji visivyonyweka. "Small beer" ilikuwa bia hafifu ambayo Waingereza wa zamani waliwapa hata watumishi na watoto. Leo maana yake ni jambo dogo lisilostahili kusumbua watu, na Kiswahili kina "si lolote si chochote" kwa kazi hiyo. "Storm in a teacup" ni ugomvi mkubwa juu ya jambo dogo, na mwandishi anaweza kusema tu kwamba watu wamekuza neno. Anayesema "I'll drink to that" huenda hana hata glasi ya maji mkononi. Anachosema ni kwamba ameafiki kabisa, na "hapo umenena" inatosha.

"Not my cup of tea" inahitaji uangalifu wa pekee. Mwingereza anayeitamka anaeleza kwa upole kwamba jambo fulani halimvutii, iwe ni muziki, mchezo au aina ya kazi. Ukiandika kwamba jambo hilo "si chai yangu", umeingia matatani kwa sababu neno chai katika Kiswahili cha mitaani lina maisha yake. Askari anayeomba chai barabarani haombi kinywaji, na kijana wa Dar es Salaam anayesema kwamba habari fulani ni chai anamaanisha kuwa ni uongo. Msomaji ataanza kutafuta rushwa au uzushi mahali ambapo pana mtu tu asiyependa mpira wa miguu. Sema "halinivutii" au "si mambo yangu", uendelee na safari.

Neno jingine la kundi hili ni "groggy", na asili yake inapendeza. Mwaka 1740, Admirali Edward Vernon wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliamuru ramu ya mabaharia isigawiwe tena kavu bali ichanganywe na maji, kiasi cha robo galoni ya maji kwa nusu painti ya ramu. Vernon alikuwa amezoea kuvaa joho la kitambaa kizito kilichoitwa grogram, na mabaharia walikuwa wamempa jina la utani la Old Grog. Basi ile ramu iliyotiwa maji ikaitwa "grog", na aliyeizidisha akaitwa "groggy". Leo mtu anaweza kuwa "groggy" kwa sababu ya usingizi, dawa ya ganzi au ngumi ya taya. Bondia aliye katika hali hiyo amepepesuka tu, na mfasiri akimwandikia ulevi atakuwa amemsingizia.

Upande wa pili kuna maneno ambayo hayana dalili ya kinywaji, lakini yanaeleza ulevi mtupu: "plastered", "hammered", "legless", "wasted". Mengine yana maana mbili zilizo mbali sana. "Tight" huweza kumwelezea mlevi au bahili; "loaded" huweza kumwelezea mlevi au tajiri. Hapo sentensi moja haitoshi, nawe soma ukurasa mzima kabla ya kuamua.

Hatua ya pili: pima kiasi cha ulevi na heshima ya lugha

Mwaka 1737 Benjamin Franklin alichapisha katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette orodha ya misemo zaidi ya 200 iliyotumiwa kusema kwamba mtu amelewa. Tangu hapo orodha imerefuka, kiasi kwamba katika Kiingereza cha Uingereza karibu kitenzi chochote kikitiwa "-ed" na kutamkwa kwa tabasamu kinaweza kueleweka kuwa na maana hiyo. Mfasiri hawezi kukariri yote, na hana haja. Anachohitaji ni kujua msemo umesimama kwenye ngazi gani.

Ngazi ya chini ni "tipsy" na "merry", yaani mtu amechangamka, maneno yameanza kumtoka kwa wepesi, lakini nyumbani atafika. Juu yake kuna "drunk" ya kawaida, ambayo ni kulewa bila kuongeza chumvi. Ngazi ya juu kabisa ni ya "legless" na wenzake, ambapo miguu imeacha kumtii mwenyewe. Kiswahili hakijapungukiwa hapo: tuna kulewa chakari, kulewa chopi, kulewa tilalila, na yule aliye bwii. Ukimwandikia "chakari" mtu aliyekuwa "tipsy" tu, umeharibu hadithi na pengine umemvunjia mtu heshima yake.

Kiasi kikishajulikana, pima heshima. Kuna lugha ya baa, ya sebuleni na ya mahakamani. Watu wanaosema wamepiga maji, wamechapa ulabu au wako tungi ni marafiki wanaotaniana, na maneno hayo yanafaa kufasiri mazungumzo ya marafiki wa Kiingereza. Katika maelezo ya polisi, mahali penye "under the influence", maneno hayo hayana nafasi. Kumbuka pia kwamba msemo huo wa kisheria haulengi pombe peke yake, kwa maana dawa za kulevya nazo zimo. Kwa hiyo "akiwa chini ya athari ya kilevi" ni salama kuliko "akiwa amekunywa pombe", kwani Kiswahili tayari kina neno kilevi linalobeba vyote viwili.

Jambo moja hapa limeturahisishia. Kiingereza husema "he drinks" bila kutaja kinachonywewa, na kila mtu huelewa. Kiswahili nacho hufanya hivyo hivyo: mwenyeji akikuuliza "wewe unakunywa?", hakuulizi habari ya maji. Lakini angalia usigeuze "he drinks" kuwa "yeye ni mlevi". Mnywaji si mlevi, na familia nyingi zimegombana juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya tatu: jua msemaji anatoka wapi

Neno "pissed" linatosha kuonyesha umuhimu wa hatua hii. Mwingereza akisema mwenzake alikuwa "pissed", amemwona amelewa. Mmarekani akisema hivyo hivyo, amemwona amekasirika. Nimewahi kuona filamu ya Kimarekani ambamo mama mwenye hasira juu ya mwanawe aligeuzwa kuwa mlevi kwa maandishi ya chini ya skrini, na kuanzia hapo mtazamaji hakuweza kumwamini tena hadi mwisho. "Cheers" nayo, mbali na kutamkwa watu wanapogonganisha glasi, ambapo sisi husema "maisha marefu" au "afya", hutumika Uingereza kwa maana ya asante, na hata kwa kuagana. Mwingereza aliyefunguliwa mlango akasema "cheers" hajamtakia mtu maisha marefu. Neno "shout" kwa Waaustralia na baadhi ya Waingereza ni zamu ya kununua raundi, wala halihusu kelele.

Mifano ya kufananisha pia hubadilika kwa nchi. Waingereza wana "drunk as a lord", msemo wa tangu karne ya 17, wakati Wamarekani wanapenda "drunk as a skunk". Usitafute tabia ya mnyama huyo, ambaye kwetu jamaa yake wa kufanana naye ni kicheche, maana aliingizwa kwa sababu ya mlio wa vina peke yake. Vina vikishapotea katika tafsiri, mnyama hana tena kazi, na "amelewa chakari" inamaliza.

Hatua ya nne: tafuta asili, lakini usiitie yote ndani ya tafsiri

Asili ya msemo humsaidia mfasiri kuielewa picha, na hapa msomaji wa pwani ana bahati kuliko wengine, kwa kuwa sehemu kubwa ya misemo hii imezaliwa baharini.

Chukua "three sheets to the wind", msemo unaopatikana katika maandishi tangu mwanzo wa karne ya 19, zamani ukisemwa "in the wind". Mwanafunzi atakimbilia mashuka au karatasi. Lakini katika lugha ya mabaharia "sheet" si kitambaa, wala si tanga lenyewe. Ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ile ambayo mabaharia wa majahazi huiita demani. Demani ikiponyoka, tanga hupepea ovyo, upepo haushikiki tena, na chombo hupepesuka kwenye mawimbi. Sasa hebu fikiria kamba tatu zimelegea kwa pamoja. Picha ya mlevi anayetoka baa saa nane za usiku inakuja yenyewe.

Je, tuandike kwamba mlevi "amelegea demani tatu"? Nakiri kwamba kishawishi ni kikubwa. Hata hivyo Waswahili hawamsemi mlevi hivyo, na msomaji wa Dodoma au Kisumu ambaye hajapanda jahazi atabaki ameduwaa. Mimi ningeruhusu jambo hilo mahali pamoja tu, katika hadithi ambayo msemaji ni nahodha na wasomaji wameshazoea lugha yake. Kwingine, "alikuwa anayumba kwa ulevi" ina ule ule mwendo wa chombo kilichopoteza upepo, na haidai maelezo. Hali ni hiyo pia kwa "the sun is over the yardarm". Neno "yardarm" ni ncha ya foromali, yaani mti unaoshikilia tanga, na mabaharia walitazama jua limepanda kiasi gani juu yake. Anayeyatamka maneno hayo leo, akiwa sebuleni kwake, anasema tu kwamba sasa muda umefika wa kuanza kunywa bila kuona haya.

"Dutch courage" ni ujasiri unaotoka ndani ya chupa. Umefungamana na karne ya 17, ambapo Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu vya baharini kati ya mwaka 1652 na 1674, na pia na jenever, pombe kali ya Kiholanzi ambayo ndiyo mzazi wa pombe iitwayo jini ("gin"). Ni kejeli ya adui juu ya adui. Ukiandika "ujasiri wa Kiholanzi", msomaji atadhani Waholanzi wanasifiwa, na pengine atakumbuka timu yao ya mpira. Andika "ujasiri wa pombe", au eleza kwamba mtu alijitia moyo kwa glasi mbili.

Asili pia hudanganya. Huko London husimuliwa kwamba wafungwa waliopelekwa kunyongwa Tyburn walisimamishwa njiani wanywe kwa mara ya mwisho, na askari aliyebaki juu ya gari bila kunywa ndiye aliyetuachia "on the wagon", na kwamba "one for the road", yaani glasi ya mwisho kabla ya kuondoka, imetoka huko huko. Hadithi ni tamu, lakini miaka inaikataa. Watu waliacha kunyongwa Tyburn mwaka 1783, ilhali "on the wagon" ni msemo wa Marekani, wa miaka zaidi ya mia moja baadaye, na mwanzoni ulisemwa kwa ukamilifu kwamba mtu yuko juu ya gari la maji, yaani lile lililonyunyizia mitaa ili kutuliza vumbi. Aliyeapa kuacha pombe alisema afadhali apande gari hilo anywe maji yake. Kwa hiyo "on the wagon" ni "ameacha pombe", na "fell off the wagon" ni "amerudia pombe". Neno "teetotal" nalo halina uhusiano na chai, ingawa sikioni linaanza kama jina lake; linahusishwa na Richard Turner, mfanyakazi wa Preston nchini Uingereza, aliyelitumia mwaka 1833 katika mkutano wa watu waliokataa pombe kabisa, na jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa ndiye mwenye neno hilo.

Hatua ya tano: chagua njia ya kufasiri

Njia ya kwanza, na iliyo bora inapopatikana, ni kutumia msemo wa Kiswahili ambao tayari unafanya kazi ile ile. "Hair of the dog" ni mfano wangu ninaoupenda. Umo katika mkusanyo wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546, na umetokana na imani kwamba aliyeng'atwa na mbwa hutibiwa kwa unywele wa mbwa yule yule. Maana yake ni kunywa pombe kidogo asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Sisi hatuhitaji mbwa wala nywele zake, kwa kuwa tunasema mtu anazimua. Kuzimua kwa asili ni kutia maji katika kitu kikali au cha moto ili kipungue nguvu, kama alivyofanya Admirali Vernon kwa ramu yake, na neno limehamia kwenye kichwa kinachogonga asubuhi bila kupoteza mantiki yake.

Methali ya farasi anayepelekwa majini lakini hawezi kulazimishwa kunywa, ambayo kwa Kiingereza ni ya tangu karne ya 12, kwetu imeshapata punda wake: unaweza kumpeleka punda mtoni, lakini huwezi kumlazimisha kunywa maji. Usimrudishe farasi. Kwa "drink like a fish" tunacho "anakunywa pombe kama maji", na samaki abaki baharini. (Samaki wa maji chumvi hunywa kweli, ndiyo njia yao ya kufidia maji yanayowatoka mwilini, lakini wa maji baridi karibu hawanywi kabisa, msemo haukuwatofautisha.)

"Old wine in new bottles" husomwa sana katika makala za siasa. Unacheza na maneno ya Injili ya Mathayo, 9:17, lakini umeyageuza, kwa kuwa Injili inazungumzia divai mpya katika vyombo vikuukuu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika chupa, wakati Biblia ya Kiswahili ina viriba. Ukifasiri hotuba ya mchungaji, rudi kwenye viriba ili waumini waitambue aya yao. Ukifasiri makala juu ya chama kilichobadilisha jina na kuacha viongozi wale wale, "mvinyo wa zamani katika chupa mpya" inaeleweka na imeshazoeleka.

Pasipo na msemo wa kulingana, fasiri maana kwa maneno mepesi, ukijaribu kubakiza hisia. Mtu anayefanya "nursing a drink" anaibembeleza bia yake ili isiishe upesi. Anayefanya "drowning his sorrows" anakunywa kupoteza mawazo. Mhudumu wa baa akitangaza kwamba kinywaji ni "on the house", anatoa ofa.

Hatua ya sita: tambua msemo wenye maiti ndani yake

"Drink the Kool-Aid" (Kool-Aid ni chapa ya unga wa kutengenezea sharubati) husemwa kwa wepesi ofisini na katika siasa za Marekani, kwa maana ya kufuata jambo bila kuhoji. Chimbuko lake ni Jonestown, nchini Guyana, ambako tarehe 18 Novemba 1978 watu zaidi ya 900, wakiwemo watoto wengi, walikufa kwa kinywaji kilichotiwa sumu kwa amri ya Jim Jones, kiongozi wa dhehebu lao. Wapo waliolazimishwa, na kinywaji chenyewe kilikuwa zaidi cha chapa nyingine, Flavor Aid. Mfasiri asiyejua hayo ataandika kwamba mfanyakazi fulani "amekunywa sharubati", na msomaji hatapata kitu. Andika kwamba "amemeza kila alichoambiwa". Kama mwandishi wa Kiingereza anazungumzia vifo vyenyewe, taja tukio kwa jina lake wala usitumie msemo wowote.

Hatua ya saba: ijaribu kwenye sentensi nzima

Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa ajili ya zoezi: "Uncle Ray had been on the wagon for a year, but he needed some Dutch courage before his speech, and by midnight he was three sheets to the wind." Hapa mlevi yupo kweli, ngazi yake ni ya juu, na lugha ni ya nyumbani yenye utani kidogo. Tafsiri yangu ni hii: "Mjomba Ray alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kugusa pombe, lakini kabla ya kusimama kuhutubia ilimbidi ajitie moyo kwa glasi mbili tatu, na kufikia saa sita za usiku alikuwa anayumba, kalewa chakari."

Gari, Waholanzi na kamba wote wameondoka, na hakuna aliyepungukiwa. Kilichonisumbua zaidi katika sentensi hiyo hakikuwa pombe, bali neno "uncle", kwa sababu Kiingereza hakisemi kama Ray ni ndugu wa mama au wa baba. Ikiwa kurasa za mbele zitaonyesha kwamba ni mdogo wake baba, itanibidi nirudi nimwite Baba mdogo kuanzia mwanzo wa kitabu, pamoja na chupa zake.